Buck Buchanan: namba 1 huku, namba 265 kule

Leo sina habari za maji kukatika bweni wala foleni ya kafeteria (zipo, zitakuja). Leo tuvuke bahari kidogo tuongelee futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa majitu yenye helmeti yanayogombania mpira wenye umbo la yai. Najua wengi wenu mnauona ni vurugu tu. Sheria zake hata mimi bado zinanipiga chenga. Ila ndani yake kuna kipande cha historia ambacho mwanafunzi yeyote, hasa wa chuo kidogo kisicho na jina, atakielewa bila kujua sheria hata moja.

Kwanza neno lenyewe: drafti. Sio ile ya kete pale kijiweni kwa muuza kahawa. Hii ni siku ambayo timu za kulipwa zinakaa na kuchagua, kwa zamu, wanafunzi waliomaliza kucheza vyuoni. Timu iliyoboronga msimu uliopita inatangulia kuchagua, bingwa anachagua mwisho. Mchezaji hana sauti. Ni kama majina ya kidato cha tano yanavyotoka: ulijaza shule yako ya ndoto, unajikuta umepangiwa mkoa ambao hujawahi hata kupita na basi. Basi raundi ya kwanza ndiyo ya watoto wapendwa, na kadiri raundi zinavyosogea ndivyo mtu anavyozidi kuwa wa bei poa. Wengi hawaitwi kabisa.

Sasa njoo Desemba 1962. Wakati huo Marekani ilikuwa na ligi mbili zinazoshindana, NFL ya siku nyingi na AFL iliyoanza 1960, na kila moja ilifanya drafti yake. Kulikuwa na kijana anaitwa Junious "Buck" Buchanan, mzaliwa wa Alabama aliyesoma sekondari mjini Birmingham. Urefu wake mita 2, uzito zaidi ya kilo 120, na kwa mwili wote huo alikuwa anakimbia kama mtu mwembamba. Kazi yake ilikuwa kukaa mstari wa mbele wa ulinzi na kuharibu sherehe za watu. AFL walipokaa Desemba mosi, Buchanan akawa mtu wa kwanza kuchaguliwa katika ligi nzima. NFL wakakaa Desemba 3. Raundi ya kwanza hakuitwa. Ya pili hakuitwa. Ya tano, ya kumi, kimya. New York Giants wakamchukua raundi ya 19, akiwa mtu wa 265.

Mtu yule yule, wiki ile ile. Huku namba 1, kule namba 265.

Kuna watakaosema NFL walijua kwamba wapinzani wao wameshamtaka, na hakuna timu inayopenda kupoteza nafasi kwa mtu atakayekwenda kwingine. Sawa, hilo lipo. Lakini nafasi 264, jamani? Mwaka 1990 Buchanan aliingizwa kwenye Jumba la Heshima la mchezo huo kule Canton, Ohio. Hakuwa mchezaji wa kubahatisha. Tatizo lilikuwa chuo alichotoka.

Chuo kilikuwa Grambling, kaskazini mwa Louisiana, katika kamji ambako chuo ndicho mji na mji ndio chuo. Ni moja ya vile vyuo vilivyoanzishwa kwa ajili ya watu weusi enzi ambazo vyuo vingine viliwafungia milango. Na hapa ndipo historia inaponikaba koo, maana jiulize kijana wa Birmingham anafuata nini Louisiana. Chuo Kikuu cha Alabama kiko Tuscaloosa, safari fupi tu kutoka Birmingham, na mwaka 1961 timu yake ilikuwa bingwa wa taifa. Buchanan hakuweza kuingia pale, na sisemi uwanjani, nasema hata darasani. Juni 1963, miezi michache baada ya drafti yake, gavana George Wallace alikwenda kusimama mlangoni pale chuoni kuzuia wanafunzi wawili weusi wasijiandikishe, mpaka serikali kuu ikaingilia kati. Kwa hiyo vyuo vidogo vya weusi havikuwa vinapata wachezaji wazuri kwa bahati. Vilipata kwa sababu ya mlango uliofungwa kwa jirani.

Kocha wa Grambling, Eddie Robinson, alianza kazi mwaka 1941 akiwa na umri wa miaka 22 na akakaa hapo hapo mpaka 1997. Mechi 408 alishinda. Miaka ya mwanzo hakuwa na msaidizi wa maana: alikata nyasi za uwanja mwenyewe, alifunga bandeji vifundo vya miguu ya wachezaji, na mechi ikiisha alikaa kuandika ripoti yake apeleke magazetini. Hilo la magazeti mlishike vizuri, nitalirudia. Baadaye chuo kilimpata Collie Nicholson, aliyewahi kuwa mwandishi wa habari jeshini, kazi yake ikawa kuhakikisha jina la Grambling linasomeka kila wiki katika magazeti ya weusi nchi nzima.

Kwa nini magazeti? Kwa sababu drafti yenyewe ilizaliwa na magazeti. Aliyeibuni ni Bert Bell, mmiliki wa Philadelphia Eagles, ambaye timu yake ilikuwa inaburuza mkia na alichoka kuona matajiri wanazoa vijana wote wazuri. Drafti ya kwanza ilifanyika Februari 8, 1936, katika hoteli moja Philadelphia. Timu 9, raundi 9, majina kama 90 ubaoni. Wasaka vipaji walikuwa bado hawajawa kitu, kwa hiyo majina yale yalitoka kwa kuulizana na kwa kusoma kurasa za michezo. (Aliyechaguliwa wa kwanza, Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, hakucheza ligi ya kulipwa hata siku moja. Mambo ya dunia.)

Kurasa zipi za michezo? Za magazeti ya wazungu, ambayo yaliandika habari za vyuo vya wazungu. Na hata kama wangesoma mengine isingesaidia, maana kuanzia 1934 mpaka 1945 hakuna mtu mweusi hata mmoja aliyecheza NFL. Haikuandikwa popote kama sheria. Walielewana tu. Huku nyuma, gazeti la weusi la Pittsburgh Courier lilikuwa linatoa kila mwaka timu yake ya nyota kutoka vyuo vya weusi: majina, nafasi, vyuo, kila kitu. Yaani orodha ilikuwepo. Mtu angeweza kuinunua kwa senti kadhaa kwenye kona ya mtaa.

Aliyefungua njia kutoka vyuo hivi ni Paul "Tank" Younger wa Grambling, mwaka 1949. Hakuchaguliwa kwenye drafti, alisainiwa tu na Los Angeles Rams kama mtu wa majaribio. Kabla hajaondoka, kocha Robinson alimweleza wazi kwamba akishindwa yeye, itapita miaka mingi kabla kijana mwingine wa chuo kama chao hajapewa nafasi. Hebu fikiria unakwenda kwenye usaili wa kazi na unaambiwa kwamba ukiharibu, umewaharibia wote watakaokuja kutoka chuo chako! Younger alicheza misimu kumi.

Baada ya hapo wakaanza kuingia, ila kwa dirisha la nyuma. Angalia Deacon Jones. Alianzia South Carolina State, akapoteza ufadhili wake kwa sababu alishiriki maandamano ya kudai haki za weusi, akaishia chuo kingine kidogo zaidi katika jimbo la Mississippi. Rams wakamchagua mwaka 1961 katika raundi ya 14. Kumbuka, raundi ya kumi na nne, leo hata haipo, siku hizi drafti ina raundi 7. Jamaa akaja kuwa mmoja wa walinzi wakali kuliko wote waliowahi kucheza, na lile neno wanalotumia Wamarekani mpaka leo kwa kitendo cha kumwangusha mpangaji wa mchezo kabla hajarusha mpira, yeye ndiye aliyelipa umaarufu.

Kilichobadilisha mchezo kidogo ni ule ugomvi wa ligi mbili. AFL ilikuwa changa, haikuwa na jina, haikuweza kungoja watoto wa vyuo vikubwa waikubali. Ikabidi iangalie kule ambako wakubwa hawaangalii. Timu iliyofanya hivyo kwa akili zaidi ni ile iliyomchukua Buchanan: ilikuwa Dallas, mwaka 1963 ikahamia Kansas City na kuitwa Chiefs. Wakamwajiri Lloyd Wells wa Houston, mwandishi na mpiga picha wa magazeti ya weusi, akawa msaka vipaji mweusi wa kwanza wa kudumu katika ligi ya kulipwa. Wells hakuhitaji ramani. Makocha wote walikuwa washikaji zake, alikuwa anawapiga picha miaka nenda rudi.

Kisa chake na Otis Taylor ni kama filamu. Taylor alikuwa mdaka mipira wa Prairie View, Texas. Novemba 1964, siku chache kabla ya drafti, watu wa Dallas Cowboys wakamchukua yeye na mwenzake wakawaweka moteli, chini ya uangalizi, ili ligi nyingine isiwafikie. Siku zile huo ulikuwa mtindo wa kawaida, kuna watu waliolipwa kulinda wanafunzi kama unavyolinda kuku wa Krismasi. Wells akawatafuta moteli kwa moteli mpaka akawapata, akafukuzwa, akarudi usiku, na inasimuliwa kwamba Taylor alitoka kupitia dirishani huku ameahidiwa gari jekundu aina ya Thunderbird. Chiefs wakamchagua raundi ya 4. Januari 1970, katika fainali ya Super Bowl dhidi ya Minnesota Vikings, Taylor alidaka mpira akakimbia nao mpaka mwisho, yadi 46, na Chiefs wakashinda 23 kwa 7. Katika kikosi kile alikuwepo Buchanan wa Grambling, Willie Lanier wa Morgan State, na Emmitt Thomas wa chuo kinaitwa Bishop, ambaye hakuna aliyemchagua kwenye drafti yoyote. Wote watatu wako Jumba la Heshima. Chuo cha Bishop chenyewe kilifungwa mwaka 1988, madeni.

Sasa yule ninayempenda mimi zaidi katika historia yote hii hakucheza futiboli. Anaitwa Bill Nunn.

Nunn alikuwa mwandishi wa michezo na baadaye mhariri wa ile ile Pittsburgh Courier. Ndiye aliyekuwa akichagua ile timu ya nyota ya vyuo vya weusi kila mwaka. Ofisi yake ilikuwa Pittsburgh, na Pittsburgh Steelers walikuwa hapo hapo mjini, na Steelers wa miaka ile walikuwa timu ya kuchekwa. Miaka yote hiyo hakuna mtu wa Steelers aliyenyanyua simu kumuuliza chochote. Nunn alikerwa na aliacha ijulikane kwamba amekerwa. Dan Rooney, mtoto wa mwenye timu, habari zilipomfikia akamwita wakaongea. Mwaka 1967 akamwajiri kwa muda, 1969 akawa wa kudumu.

Matokeo yake yalikuja haraka. 1969 wakamchukua L.C. Greenwood kutoka chuo kidogo cha Arkansas, raundi ya 10. 1970 Mel Blount wa Southern, raundi ya 3. 1971 Ernie Holmes wa Texas Southern, raundi ya 8. Halafu ikaja drafti ya 1974, ambayo wapenzi wa mchezo huu wanaiongelea kama sisi tunavyoongelea mechi za watani. Kulikuwa na mdaka mipira wa Alabama A&M, John Stallworth. Wasaka vipaji wa timu kadhaa walikwenda pamoja kumpima mbio, uwanja ulikuwa umelowa, akakimbia muda wa kawaida tu, wakaandika kwenye daftari wakaondoka. Nunn, inavyosimuliwa, akasema anajisikia vibaya, hawezi kusafiri. Wenzake walipoondoka akaamka mzima wa afya, akamtafuta Stallworth, wakaenda sehemu kavu, akampima upya. Muda ukawa mwingine kabisa. Steelers wakakaa na siri yao mpaka raundi ya 4. Mwaka huo huo walichagua wengine watatu ambao nao wako Jumba la Heshima, na baada ya drafti wakamsaini Donnie Shell wa South Carolina State ambaye hakuna timu iliyomwita. Shell naye yuko Jumba la Heshima. Kuanzia Januari 1975 mpaka Januari 1980 Steelers walichukua Super Bowl nne.

Watu husema Nunn alikuwa na jicho. Alikuwa nalo, simnyimi. Lakini ukisoma vizuri unaona alichowapa Steelers kwanza ni kitu cha kawaida sana: alikuwa anawasikiliza makocha wa vyuo vile na wao walikuwa wanamwamini. Alikwenda kwenye vyuo ambako msaka vipaji mzungu angefika mara moja kwa mwaka akiwa na haraka ya kuondoka, yeye akakaa, akala nao chakula. Alifariki mwaka 2014, na Jumba la Heshima lilimwingiza na kundi la mwaka 2021.

Kuna nafasi moja tu uwanjani ambayo hata huu mlango wa nyuma ulikuwa umebanwa: kwotabeki, yule anayepanga mchezo na kurusha mpira. Timu zilikuwa zinachukua kwotabeki mweusi wa chuo kidogo kisha zinambadilisha namba, eti mbio zake zinafaa kwingine. Maana halisi ilikuwa kwamba hawakutaka mweusi awe ndiye anayefikiria. Robinson aliamua kumtengeneza mmoja makusudi, James Harris, na Harris akaapa hatabadilisha namba. Buffalo wakamwita raundi ya 8 mwaka 1969. Alipokasirika na kutaka kuacha, Robinson alimsihi aende, na akaanza mechi ya kwanza ya msimu katika nafasi yake. Kisha Robinson akamtoa Doug Williams, safari hii raundi ya kwanza, mtu wa 17, mwaka 1978. Januari 31, 1988, Williams akiwa na Washington aliingia Super Bowl ambayo wiki nzima aliulizwa habari za rangi yake kuliko habari za mpira. Robo ya pili peke yake alirusha mipira minne ya kufunga. 42 kwa 10. Akachukua tuzo ya mchezaji bora wa mechi.

Ukiishia hapo ni hadithi tamu. Lakini turudi nyuma, Septemba 12, 1970, Birmingham. Chuo cha Southern California kilikuja na wachezaji weusi kadhaa wakaichapa Alabama 42 kwa 21 nyumbani kwao, na mmoja wao, Sam Cunningham, akakimbia yadi 135. Hadithi maarufu ni kwamba siku ile ndiyo wazungu wa Kusini walizinduka. Mimi siimezi nzima, kwa sababu mchezaji wa kwanza mweusi mwenye ufadhili wa Alabama, Wilbur Jackson, alikuwa tayari yuko chuoni mwaka huo huo, ila kwa kanuni za wakati ule wa mwaka wa kwanza hawakuruhusiwa kucheza timu kubwa. Mlango ulikuwa umeshaanza kufunguka. Kufikia 1972 hata Chuo Kikuu cha Mississippi kilikuwa na wachezaji weusi.

Na mlango ukifunguliwa watu wanapita, nani akae nje? Kizazi cha mpito kilikuwa bado na makali. Walter Payton wa mji wa Columbia, Mississippi, alimaliza sekondari 1971 akaenda Jackson State, ambako kaka yake alikuwa anacheza, na ambako mwaka mmoja tu kabla, Mei 1970, polisi walikuwa wamefyatua risasi kwenye bweni na kuua vijana wawili. Drafti ya 1975, Chicago Bears wakamwita Payton mtu wa 4, na Houston wakamwita mwenzake Robert Brazile mtu wa 6. Wawili wa chuo kimoja cha weusi ndani ya sita bora! Payton alistaafu na yadi 16,726, rekodi ya wakati huo.

Halafu Jerry Rice. Mtoto wa fundi matofali, alikuwa anamsaidia baba yake kwa kudaka matofali yanayorushwa. Hakuna chuo kikubwa kilichompa ufadhili, akaenda Mississippi Valley State, kichuo katika mji wa Itta Bena (ndiko alikomalizia Deacon Jones, jina tu lilibadilika). Msimu wa 1984 alifunga mara 27. Bado wakauliza: alifunga dhidi ya nani? Katika drafti ya 1985 wadaka mipira wawili wa vyuo vikubwa wakaitwa kabla yake, na San Francisco wakapanda nafasi kwa kubadilishana na New England ili wamchukue akiwa wa 16. Aliondoka kwenye mchezo na yadi 22,895. Hakuna aliyemkaribia mpaka leo.

Baada ya Rice, ukiangalia orodha, ni kama bomba ambalo mtu anafunga koki taratibu. Wapo bado. Michael Strahan wa Texas Southern 1993, Steve McNair wa Alcorn State aliyekuwa wa 3 mwaka 1995, Robert Mathis wa Alabama A&M 2003. Lakini ni mmoja huku, mmoja kule. Vijana kama Buchanan sasa wanaanzia Alabama yenyewe, kwenye uwanja wa watu laki moja na pesa za televisheni. Grambling ilipata nini katika kufunguliwa kwa mlango ule? Haki ilipatikana, hakuna ubishi. Fidia kwa vyuo vilivyolea watu miaka yote ambayo wengine hawakuwataka, sijaiona popote nilipopekua.

Drafti ya 2021 ilikuwa na wachezaji 259. Kutoka vyuo vya weusi, sifuri. Mwaka huo una utetezi wake, Korona ilifuta msimu wa vuli wa 2020 kwa vyuo vingi hivyo. 2022 wakapatikana wanne, akiwemo Joshua Williams wa Fayetteville State aliyechukuliwa na Chiefs, wale wale wa Buchanan, akabeba Super Bowl msimu wake wa kwanza. 2023 mmoja. 2024 sifuri tena, na safari hii hapakuwa na Korona ya kusingizia.

Katikati ya hapo palitokea kitu kama ndoto. Mwaka 2020 Deion Sanders, nyota wa zamani, alikubali kuwa kocha wa Jackson State, na Desemba 2021 akamshawishi Travis Hunter, aliyehesabiwa kama mchezaji bora kabisa wa sekondari nchini, aje chuo cha Payton badala ya chuo kikubwa alichokuwa ameshakiahidi. Watu wakasema sasa mambo yanarudi. Lakini 2021 ndio mwaka ambao wachezaji wa vyuo waliruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, na ndio mwaka ambao kuhama chuo kulirahisishwa, unahama na msimu ujao unacheza. Msimu wa 2022 ulipoisha Sanders alikwenda Colorado, na Hunter akamfuata. Simlaumu kijana, ningekuwa yeye ningepanda basi lile lile.

Drafti ya 2025 ilifanyika Green Bay, mwezi wa Aprili. Hunter aliitwa mtu wa 2, Jacksonville, na kwenye karatasi chuo chake kimeandikwa Colorado. Kutoka vyuo vya weusi aliitwa mmoja tu, Carson Vinson wa Alabama A&M, chuo cha Stallworth. Baltimore, raundi ya 5, mtu wa 141.